Vidonge vya Kuachiana

Kama sasa hivi umekaa mlangoni kwako, kidole kimevimba, na kwa mkono ule mzima unafungua kidonge ili umwage unga wake juu ya kidonda, tafadhali ngoja kidogo. Kiweke chini. Nisikilize kwanza, halafu utafanya unavyotaka. Mimi ni mtu wa maneno mengi, watu wa kwetu wanalijua hilo, lakini haya si maneno ya kupitisha muda. Nilikaribia kurudi nyumbani bila mkono wa kushoto.

Naitwa Mama Feza. Ninalima mpunga huku Wamaza pamoja na wanawake wenzangu wanane. Leo tuko shamba langu, kesho shamba la mwenzangu, hivyo hivyo mpaka wote tumalize. Kati yao nitawataja wawili tu. Mwamini ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Mama Zaina ni jirani yangu. Yeye anaenda msikitini, mimi ninaenda kanisani, na tangu tuolewe hatujawahi kununiana zaidi ya siku mbili.

Mimi ndiye niliyekuwa nashika kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga, lenye mfuniko, na ndani yake tuliweka vidonge. Desturi yetu ilikuwa hivi: ukiugua wewe au mtoto wako, munganga wa kituo cha afya akakupa dawa, unakunywa mpaka unapata nafuu. Siku ya tatu homa imeshuka, unasimama, unaanza tena kugombana na watu. Basi, umepona. Vilivyobaki unavileta kwenye kopo vimsaidie mwingine. Kuvimaliza vyote wakati umekwisha kupona tuliona ni uchoyo mtupu. Mwanamke aliyevimaliza tulimcheka shambani mchana kutwa: "Huyu amelamba mpaka sufuria!" Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka, na kicheko changu kinasikika mbali.

Nilivipanga kwa rangi. Vyekundu na vyeusi vilikuwa vya vidonda, vyekundu na vya njano vilikuwa vya tumbo na kikohozi. Nani alinifundisha? Hakuna. Lakini mtu akija analia, nilifungua kopo nikamhesabia viwili, vitatu, kwa uso wa mtu aliyesoma miaka saba ya udaktari. Na walinishukuru. Kushukuriwa ni kutamu, sitadanganya.

Mwezi wa kwanza tulikuwa tunavuna kwa Mama Zaina. Kwetu mpunga tunaukata suke kwa suke kwa kisu kidogo. Mkono wa kulia unakata, wa kushoto unashika. Kisu kiliteleza kikanikata kidole cha shahada cha huu mkono wa kushika.

"Mama Feza, damu iko natoka mingi!" Mama Zaina alisema.

"Aka! Kakidonda tu haka. Kata mpunga wako."

Jioni nilifungua vidonge viwili vyekundu na vyeusi, nikamwaga unga wote ndani ya kidonda, nikafunga na kipande cha kitenge. Kesho yake nikarudi shambani. Nilijiona nimemaliza kazi.

Siku ya tatu kidole kilianza kupiga chenyewe kama moyo. Siku ya tano pete ilianza kunibana, na siku ya sita haikuweza kutoka. Mume wangu aliikata kwa tupa, jasho linamtoka, mimi nimeng'ata mwiko. Wanawake wa kikundi waliposikia, walikuja. Mwamini alileta vidonge vinne alivyotoa kwenye dawa za mwanawe, ambaye alikuwa bado anakohoa. Mama Zaina alileta sita vya mjukuu wake aliyekuwa anatibiwa sikio. Wengine walileta viwili, vitatu, kila mtu alichonacho, wakavimimina mkononi mwangu. Nililia kwa kupendwa. Nikavimeza, leo hivi, kesho vile, na vingine nikavifungua kwa ajili ya kidonda.

Mkono ukazidi. Ulivimba mpaka kifundo, ngozi ikang'aa, ukaanza kutoa harufu. Wewe uliyewahi kunusa mwili wako mwenyewe ukioza nawe uko hai, unajua ninachosema. Nilianza kukaa upande wa pili wa upepo ili watoto wasisikie. Mkono niliuficha ndani ya kitenge, na mume wangu akiuliza nilimwambia unapungua.

Nilipokwenda kwenye kituo cha afya, munganga aliniuliza, "Umekunywa dawa gani?"

"Sijakunywa kitu," nikamjibu, macho makavu kabisa.

Alinichoma sindano alizokuwa nazo, siku nne. Siku ya tano aliinua mkono wangu kwenye mwanga wa dirisha, akaona mstari mwekundu unapanda kutoka kifundo kuelekea kiwiko. Aliuweka chini polepole. "Mama, mimi hapa nimefika mwisho. Muende Kasongo, hospitali kubwa. Leo, si kesho."

Mume wangu aliuona ule mstari siku hiyo hiyo kwa mara ya kwanza. Ni mtu mpole, lakini siku ile alipiga meza. "Wiki mbili unanificha mukono ndani ya kitenge! Mimi ni nani kwako? Mupangaji?" Hakusema nami tena mpaka moto, pikipiki ya kunipeleka, ilipofika. Halafu alinipandisha mwenyewe, katikati ya dereva na Mwamini, akanifunga na kitenge kiunoni nisianguke, akakaza fundo mara mbili. Yeye alibaki na watoto na mpunga uliokuwa bado umesimama shambani. Nilipogeuka nilimwona anafuta uso kwa kofia yake.

Safari ile siwezi kuisahau. Nikiteremsha mkono, damu ilishuka na maumivu yakanikata pumzi, basi niliuinua juu njia nzima, kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema. Watoto wa kandokando ya barabara walidhani ninawasalimia. Wakapunga mikono, kijiji baada ya kijiji, wanapiga kelele za furaha. Mwamini nyuma yangu alianza kucheka, nami nikacheka na homa yangu yote. Mungu ana njia zake za kukupumzisha.

Kasongo tulikaa kwenye benchi. Ukitaka kujua hospitali, usiangalie vitanda, angalia benchi. Pale kila mtu anamwangalia mwenzake na kupima nani mgonjwa kuliko mwingine, na nilipoona wote wananisogezea nafasi bila kuombwa, niliogopa. Mwanamke mmoja ambaye sikumjua aliniwekea mto wa nguo chini ya kiwiko. Alikuwa amemleta mama yake mwenye presha. Sijawahi kumwona tena, na kila Jumapili ninamtaja katika sala kama "yule wa mto."

Docta alikuwa kijana mwembamba asiyecheka. Alipasua, akasafisha, usaha ukajaa bakuli. Kisha akachora alama kwa kalamu juu kidogo ya ule mstari mwekundu, karibu na kiwiko.

"Mama, mustari ukivuka hapa, tutakata mukono ili wewe ubakie. Unasikia?"

"Ninasikia."

"Sasa niambie ukweli. Umekunywa nini?"

Nilimwangalia Mwamini, Mwamini akaangalia ukuta. Nikasema yote: kopo, rangi, unga, vya sikio la mtoto, vya kikohozi. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia yakitoka pamoja kinywani mwangu, na hata mimi niliona aibu. Docta hakunigombeza. Alisema tu kwamba usaha uende labo, kule wanakopima, tujue mikrobe zangu, hivyo vijidudu vya kidonda, zinaogopa dawa gani.

Mtu wa labo alikuwa mzee wa miwani. Wote walimwita Papa Labo. Alichovya kijiti chenye pamba ndani ya kidonda changu, taratibu, huku ananiuliza habari za mpunga wa Wamaza. "Una bahati," aliniambia. "Mwezi huu vifaa viko. Mwezi uliopita havikuwako." Nikamwambia asante Mungu kwa mwezi huu.

Siku tatu tulingoja. Kazi yangu ilikuwa moja: kuangalia alama ya kalamu. Mstari ulikuwa vidole vitatu chini yake, halafu viwili na nusu. Nilipima kwa vidole vya mkono wa kulia kila nilipoamka, na nilipokuwa sipimi nilikuwa nawaza. Kwa mkono mmoja utafungaje kitenge? Utatwangaje? Nani atashika suke wakati kisu kinakata? Mwamini alinifunga nguo, aliniosha, alinilisha wali na sombe ya majani ya muhogo tonge kwa tonge, yeye ambaye aliacha watoto wanne kwa mama mkwe wake. Nilimgombeza kwamba tonge ni kubwa mno. Alisema, "Wifi, kinywa chako hakijaumwa, nashukuru." Tukaendelea.

Siku ya tatu Mwamini alikuwa anapika uani. Mimi sikuvumilia, nikajikokota mpaka mlangoni kwa Papa Labo. Alisita, kisha akanionyesha kwa mbali kisahani chenye kifuniko, na ndani yake kitu ambacho kwingine kokote ningekiita uji ulioganda. Juu yake kulikuwa na vikaratasi vya duara, vidogo kama shanga.

"Kila kakaratasi kamelowa dawa yake," alisema. "Huu ukungu unaouona ndio mikrobe zako. Mahali dawa iko na nguvu, zinakimbia, panabakia peupe. Angalia. Hii hapa ndiyo ile yako ya nyekundu na nyeusi."

Niliangalia. Ukungu ulikuwa umekwenda mpaka kwenye karatasi yenyewe, umeikumbatia pande zote. Hapakuwa na nafasi hata ya unywele.

"Na ya njano?"

"Hii hapa."

Hivyo hivyo. Alinionyesha moja baada ya nyingine, dawa zote za kopo langu, na zile za sindano za Wamaza, na mikrobe zimekaa juu yao kama watu waliofika kwao. Mama weee! Miaka yote ile nilikuwa nahesabu viwili, vitatu, uso wa daktari. Papa Labo aliniambia kwamba dawa kidogo kidogo haziui zote. Zile ngumu zinabaki, zinazaa, zinatembea kutoka mkono mpaka mkono, mtoto mpaka mama. Hatukuwa tunaachiana dawa tu, tulikuwa tunaachiana na hizo mikrobe ngumu.

Lakini vikaratasi viwili vilikuwa vimezungukwa na duara jeupe, safi. Niliuliza kama naweza kuona tena. Nilivitazama vile viwili mpaka macho yakajaa machozi.

Dawa moja kati ya hizo mbili hospitali haikuwa nayo. Ya pili ilibaki chupa moja ya vidonge, ya kumtosha mgonjwa mmoja. Jina lake sitaliandika hapa, kwa sababu ninawajua watu wangu: kesho mtu atakwenda kuitafuta sokoni. Docta alimpa Mwamini chupa. "Mara tatu kwa siku, mpaka kiishe cha mwisho. Vimehesabiwa." Saa hatukuwa nayo. Tulifuata adhana ya alfajiri, kengele ya shule ya kutoka, na adhana ya isha. Mimi Mkristo niliyeponywa na mwadhini, Mama Zaina anapenda kunikumbusha.

Kidole chenyewe hakikupona. Mfupa ulikuwa umekufa, wakakikata katikati. Nililia siku moja, nikamaliza. Maana mkono ulianza kupungua, ngozi ikakunjamana kama ya bibi kizee, na mstari mwekundu ukateremka mpaka kwenye kifundo, kisha ukapotea. Siku ya saba nilifunga kitenge changu mwenyewe. Vibaya, lakini mwenyewe.

Siku ya tisa homa ilirudi.

Haikuwa kubwa, lakini niliijua. Kidonda kilikuwa chekundu pembeni. Nilimwita Mwamini aje aone, akainama kunigusa paji la uso, na fundo la pembe ya kitenge chake likafunguka. Vidonge vitano vilianguka sakafuni, vikaviringika mpaka chini ya kitanda cha jirani.

"Hivi ni vya nini?"

Hakuficha kitu, maskini. Alishangaa hata ninauliza. "Vya kopo. Si umeanza kupona? Hii kengele ya shule, unasinzia, nikaona niruke kidogo. Dawa ya nguvu namna hii, wifi! Mama Zaina na wale wengine walikutolea vya watoto wao. Turudi mikono mitupu? Unataka kula peke yako?"

"Ndiyo!" Nilipiga kelele, wodi nzima ikageuka. "Nataka kula peke yangu! Nataka kulamba mpaka sufuria! Okota!"

Mwamini aliviokota akilia. Mimi pia nililia. Hakuwa mwizi, alikuwa anafanya kile nilichomfundisha mimi, miaka yote, nikiwa nimeshika kopo. Nilimshika mkono kwa mkono wangu mzima, tukaenda mpaka kwa Papa Labo. Kisahani changu alikuwa amekwisha kukitupa, lakini alikuwa na cha mgonjwa mwingine. Mwamini alitazama ukungu uliokumbatia vikaratasi. Alitazama muda mrefu bila kusema, jambo ambalo katika ukoo wao ni nadra.

"Na mutoto wangu?" aliuliza mwishowe. "Yule nilimunyang'anya vinne?"

Papa Labo alikifunika kisahani. Kutoka hapo ni yeye aliyenisimamia kama askari. Adhana ikianza tu, kabla mwadhini hajavuta pumzi ya pili, kidonge kiko kinywani, na alinifungulisha kinywa aone kama nimemeza. Docta nilimwambia mwenyewe habari za vile vitano. Alisema nimeze vyote, na vile vitano pia, na tuombe. Siku mbili sikuthubutu kukiangalia kidonda. Siku ya tatu homa ilishuka, wekundu ukafifia. Nilimeza cha mwisho kabisa mbele ya Mwamini, nikaipindua chupa juu ya kiganja nimwonyeshe kwamba hakuna kitu. Nilishukuru Mungu, nikamshukuru na yule mtu asiyejulikana aliyeiacha chupa ile moja kwenye rafu.

Tulirudi Wamaza mvua zinaisha. Mume wangu alikuwa ameuvuna mpunga wote na kuukausha, na kikundi kilimsaidia. Alichukua mkono wangu, akahesabu vidole vinne na nusu, akasema, "Tutaishi navyo." Jioni alinitolea ile pete iliyokatwa, alikuwa ameipeleka kuunganishwa. Ninaivaa kulia.

Kopo nililiacha juu ya kabati kiangazi chote. Nilikuwa naogopa. Utamwambiaje mtu kwamba kile alichokutolea kwa upendo, akamnyang'anya mjukuu wake, ndicho kilichokukata kidole? Mtu alipokuja kuomba nilisema vimeisha. Uongo mwingine. Tulipokutana kupanda, mwezi wa tisa, nililibeba shambani, nikafungua mfuniko mbele yao wote na kusema nilichokiona kwenye kisahani.

Mama Zaina alisimama, jembe mkononi. "Kwa hiyo sisi tulikuua? Tulikuja kwako na vidonge vya watoto wetu, leo unatuambia ni sumu?"

"Si ninyi. Mimi ndiye niliyeshika kopo. Mimi ndiye niliyewacheka waliomaliza." Niliinua mkono wa kushoto wauone vizuri. "Mlinipa kwa moyo, na moyo huo ndio ninaoushukuru mpaka leo. Lakini ukitaka kunisaidia tena, mama, nibebee maji. Nipalilie. Nipeleke kwa munganga mapema. Dawa ya mtoto, muache mutoto amalize."

Alininunia. Siku mbili, kama kawaida yetu. Siku ya tatu alikuja kwangu na kopo mkononi. Tulikuwa tumelisahau shambani. Vidonge alikuwa amevipeleka mwenyewe kwenye kituo cha afya vikachomwe. Ndani alikuwa ameweka kipande cha sabuni. "Ya kunawia kabla ya kugusa kidonda," alisema, na hakutaka tuongee zaidi.

Mwezi wa kwanza uliofuata tulikuwa tunavuna kwangu. Nilikuwa nimejifunza kushika suke kwa kidole gumba na kidole cha kati. Ninachelewa, wenzangu wananisubiri bila kusema. Mjukuu wa Mama Zaina alikuwa ametokwa na jipu shingoni wiki iliyopita, na munganga akampa dawa za siku saba. Siku ya nne mtoto alikuwa anapanda miti. Mama Zaina alichelewa kufika shambani asubuhi ya kidonge cha mwisho, na nilimwona kwa mbali anakuja mbio, kitenge kimelegea, mkono mmoja juu, kakaratasi katupu ka dawa kanang'aa juani.

"Amelamba!" alipiga kelele kabla hajatufikia. "Amelamba mpaka sufuria!"

Wanawake wote tulisimama katikati ya mpunga tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi pia. Kwa mikono miwili.